Pijo 504 iliyofufuliwa, na bado inachemsha mlimani

*"Shikamoo mzee. Mwaka jana nilinunua pikapu ya Peugeot 504 ya mwaka 1986, petroli 1800, iliyofufuliwa na gereji moja ya Nairobi. Bodi imenyooka, rangi ni mpya, viti vimeshonwa upya, na injini niliambiwa imefanyiwa ovahoo. Naishi Nakuru na huiendesha wikendi tu, mara nyingine nikabeba nyasi za ng'ombe kutoka Njoro. Shida ni kwamba nikienda Nairobi kwa njia ya Mai Mahiu, ule mlima wa kupandia Limuru lazima ichemshe. Kwenye foleni pia mshale wa joto hupanda. Barabara ikiwa tambarare haina neno. Fundi wangu aling'oa thamostati akisema magari ya kale hayaihitaji, na kwamba kulanti ni ya Wazungu wenye theluji, nitie maji tu. Haikusaidia: asubuhi sasa injini inachelewa kupata moto, na mlimani bado inachemsha. Fundi wa pili anasema injini ya Pijo imepitwa na wakati, nifunge ya Toyota ya dizeli. Marehemu baba alikuwa na pikapu kama hii na sikumbuki hata siku moja akisimama kando ya barabara kuipoza. Nifanye nini? Na je, Desemba naweza kwenda nayo Mombasa?"*

Marahaba, mwanangu. Umenirahisishia kazi, maana umenieleza gari linachemshia wapi na linatulia wapi. Wengi huandika "gari linachemsha" wakaishia hapo, na fundi akipewa maneno hayo matupu hana budi kubahatisha. Leo atang'oa hiki, kesho kile, na mfuko unaotoboka ni wako.

Nikiisoma barua yako vizuri, hofu yako ni kwamba uliuziwa gari bovu lililovikwa rangi mpya. Kwa dalili ulizonipa, sidhani. Injini iliyokufa huchemsha popote, hata tambarare. Yako huchemsha mlimani na kwenye foleni tu. Hali hizo mbili zinaonekana tofauti lakini zina jambo moja linalozifananisha: gari linakwenda polepole. Shika hilo, nitalirudia.

Na baba yako hukumkumbuka vibaya. Peugeot 504 ilitoka mwaka 1968, ikachaguliwa Gari la Mwaka la Ulaya la 1969, na Safari Rally ya 1975 ilichukuliwa na Ove Andersson akiwa ndani ya 504. Jean-Pierre Nicolas akarudia mwaka 1978 kwa 504 kupe ya V6. Pikapu ilifuata mwaka 1979, na kwa miaka mingi zikawa zikiunganishwa hapa hapa Mombasa. Stesheni wagoni zake ndizo "Pijo" zilizokuwa zikibeba abiria kati ya miji yetu, watu wamejaa na mizigo juu. Lau gari hili lingekuwa na kasoro ya kuzaliwa ya kuchemsha, wasafiri wa Nakuru na Kisumu wangeligundua zamani sana. Kwa hiyo usiulize Pijo ina nini. Uliza ya kwako imepungukiwa na nini ambacho ya baba ilikuwa nacho.

Hebu nikueleze joto linakwenda wapi. Ukichoma petroli ndani ya injini, kwa makadirio ya kawaida thuluthi moja ya nguvu yake ndiyo inayosukuma gari, thuluthi hutoka na moshi, na thuluthi iliyobaki huingia kwenye chuma na lazima ichukuliwe na maji. Maji huipeleka kwenye rejeta, na rejeta huikabidhi kwa upepo. Ukiwa tambarare kwa kilomita 80 kwa saa, upepo unajileta wenyewe. Ukiwa kwenye mlima wa Limuru na gia ya pili, mguu umekanyaga hadi chini, injini inatoa joto jingi huku upepo wa mwendo ni haba. Kwenye foleni joto ni dogo, lakini upepo haupo kabisa. Mahali pote pawili unabaki kumtegemea mmoja tu, feni. Ndiyo maana jicho langu limekwenda kwa feni kabla ya kitu kingine chochote.

Feni ya 504 si feni ya kawaida, na mafundi vijana wengi hawajaijua. Katika nyingi ya magari haya, feni haizunguki muda wote. Imekaa mbele ya pampu ya maji na kapi lake huzungushwa na mkanda, lakini kati ya kapi na feni pana klachi ya sumaku ya umeme. Injini ikiwa baridi, kapi linazunguka na feni imelegea. Maji yakifika joto lililopangwa, swichi ya joto hupitisha umeme, umeme unafika kwenye kibrashi kidogo cha kaboni kinachosugua pete ya shaba, koili iliyo ndani inageuka sumaku, na feni inanaswa na kuanza kuvuta upepo. Peugeot walibuni hivyo ili kupunguza kelele na kuokoa petroli, na ikiwa nzima inafanya kazi vizuri ajabu.

Sasa fikiria gari linalofufuliwa. Nyaya zote hutolewa, bodi ikapigwa msasa na kupulizwa rangi, kisha nyaya zikarudishwa na mtu mwingine. Waya wa kibrashi ni mmoja tu, mwembamba, na ukisahaulika gari huwaka na kuondoka bila dalili yoyote. Mnunuzi analijaribu barabara tambarare, analipa, anaondoka akitabasamu. Au waya umerudishwa lakini kibrashi kimelika, au rangi imeingia kwenye kishikio chake kikakwama, kisiguse pete. Haya yote hutayaona kwa kutazama tu.

Kulijua ni kazi ya dakika chache. Zima injini, toa ufunguo, subiri ipoe. Zungusha feni kwa mkono: inapaswa kwenda kwa ulaini bila kuburuta kapi. Chomoa waya wa kibrashi, kisha chukua waya wako mwingine, upande mmoja ushike chanya ya betri na upande wa pili uguse ile terminali ya kibrashi. Ukisikia "tak" na feni ikawa haizunguki tena bila kapi, basi klachi ni nzima na ubovu uko kwenye swichi ya joto, fyuzi au waya unaoleta umeme. Usiposikia kitu, kibrashi au koili ina kasoro, au nafasi kati ya feni na sumaku imekuwa pana mno. Nafasi hiyo hupimwa kwa fila geji, vile vibati vyembamba vya kupimia nafasi, na kurekebishwa kwa zile skrubu tatu za kwenye feni.

Kibrashi kikikosekana dukani usikate tamaa. Fundi umeme mzuri atakuchongea kingine kutokana na kaboni ya alteneta au ya stata. Njia ya mkato ya wazee ilikuwa kuzikaza zile skrubu tatu mpaka feni inaswe moja kwa moja. Kukufikisha nyumbani inafaa, na nimeona watu wakiishi nayo miaka, mradi wavumilie kelele na petroli kidogo ya ziada. Kuna na wanaofunga feni ya umeme ya gari jingine mbele ya rejeta. Siikatai, ila iwe na rilei yake, fyuzi yake na swichi yake ya joto, na kwanza uhakikishe alteneta yako inaweza kuibeba pamoja na taa usiku. Nilizoziona nyingi zimefungwa kwa swichi ya mkono chini ya dashibodi, na siku dereva akisahau kuiwasha ndiyo siku anayochemsha injini na kununua gasketi ya hedi.

Ukiwa hapo, angalia kama lile kava linaloizunguka feni nyuma ya rejeta bado lipo. Bila hilo, feni huvuta upepo wa pembeni badala ya kuupitisha kwenye rejeta. Wafufuaji hulitupa kwa sababu limevunjika na mpya hazipatikani. Bati jembamba na fundi wa mabati wa jua kali vinatosha kuunda jingine.

Feni ikifanya kazi, nenda kwenye foleni ujaribu. Foleni ikipona lakini mlima ukawa bado unachemsha, basi rejeta yenyewe ndiyo inayofuata. Uliambiwa injini ilifanyiwa ovahoo, hukuambiwa rejeta ilifanywa nini. Mara nyingi hupulizwa rangi nyeusi ikang'aa na kurudishwa na uchafu wake wa miaka 30 ndani. Maji ya kisima yana madini, na madini hayo huganda ndani ya vile vijia vyembamba kama ukoko wa chini ya birika. Endesha gari mpaka lipate moto, zima, hakikisha feni haiwezi kuwaka yenyewe, halafu pitisha kiganja karibu na uso wa rejeta kutoka upande hadi upande. Panapokuwa baridi huku jirani yake ni moto, hapo pameziba. Fundi wa rejeta atafungua matangi ya juu na chini na kuzibua vijia kwa fimbo nyembamba ya bati, au abadilishe kiini chote ikiwa kimechoka. Zile rejeta za shaba zinatengenezeka, na hilo ni jambo moja ambalo gari la kale linalipiku la kisasa lenye rejeta ya matangi ya plastiki. Na kwa kuwa wewe huingia mashambani kufuata nyasi, chunguza mapezi kwa nje. Makapi na mbegu za nyasi huganda humo. Zisafishe kwa maji ya mpira kutoka upande wa injini kwenda mbele, usitumie presha kali, itayalaza mapezi.

Kizibo cha rejeta ndicho watu hukidharau kuliko vyote, na kwenu bara ndicho chenye maana zaidi. Mombasa, usawa wa bahari, maji ya wazi huchemka digrii 100. Nairobi, iliyo takriban meta 1,700 juu, huchemka karibu digrii 94. Ukifika Limuru, meta 2,200 hivi, ni kama digrii 93. Thamostati ya kawaida hufunguka kwenye 82 au hapo karibu, kwa hiyo ukiwa juu ya ule mlima bila presha una kama digrii kumi tu za kuchezea kabla maji hayajageuka mvuke. Kizibo kizima hufunga presha ndani, na kila psi moja (kipimo cha presha) huongeza takriban digrii moja na nusu hivi kwenye kiwango cha kuchemka. Kizibo cha psi 10 kinakupa digrii 15 au zaidi za usalama. Springi ikichoka au mpira ukipasuka, umezipoteza zote. Ndiyo maana gari lile lile linaweza kutulia Mombasa na kuchemsha Limuru, na fundi wa Pwani akakuapia halina kitu. Nunua kipya chenye presha iliyoandikwa kwa gari lako. Cha presha ya juu kuliko hiyo usikifunge kwa tamaa, kitapasua mipira ya zamani na maungio ya rejeta.

Nisisitize jambo hapa hata kama unalijua: usifungue kizibo injini ikiwa moto. Maji yale yamepita digrii 100 na yanazuiwa kuchemka na presha tu. Ukiiachia presha yanageuka mvuke papo hapo, usoni mwako. Subiri mpaka uweze kuishika paipu ya juu ya rejeta kwa mkono bila kuunguzwa.

Haya, tuje kwa thamostati. Fundi wako ana nia njema lakini ameipa kazi isiyo yake. Thamostati ni kidude chenye nta ndani, nta ikipata moto inatanuka na kusukuma mlango. Kazi yake ni kuyazuia maji yasiende kwenye rejeta mpaka injini ifike joto lake. Ikishafunguka kabisa, mchango wake umekwisha. Kuing'oa kunasaidia hali moja tu, ile iliyokwama imefungwa, na hata hapo dawa ni kununua nyingine. Utasikia pia hoja ya upande wa pili, kwamba ukiing'oa maji yanakimbia mno yasipate muda wa kupoa. Nayo si kweli. Maji yanayozunguka haraka hayapozi vibaya. Shida halisi ni kwamba injini nyingi zina njia fupi ya maji ambayo thamostati huifunga inapofunguka, na bila thamostati sehemu ya maji inabaki ikizunguka kwenye njia hiyo bila kuonana na rejeta.

Hasara kubwa ni ile unayoiona asubuhi. Injini ikikaa baridi, petroli haigeuki mvuke vizuri, hujibandika kwenye kuta za silinda na kuisafisha oili inayozilinda. Mvuke wa maji unaingia kwenye oili na hauchemki ukatoka, oili inageuka tope. Kwa gari la safari fupi za wikendi, huo ni uchakavu unaonunua kwa bei ya juu. Mwambie akurudishie thamostati yako. Itie kwenye sufuria ya maji jikoni, na kipimajoto cha digrii ndani, uone inaanza kufunguka kwenye digrii ngapi. Isipofunguka mpaka maji yanakaribia kuchemka, tupa. Ikifunguka vizuri, irudishe na gasketi mpya.

Kuhusu kulanti, ile dawa inayochanganywa na maji ya rejeta, nimpe fundi haki yake: Nakuru maji hayagandi, na kwa kuzuia kuganda hatuihitaji. Lakini hiyo ni kazi moja kati ya tatu. Ya pili ni kupandisha kiwango cha kuchemka, ambako tumeona kwenu kunahitajika. Ya tatu ndiyo kubwa kwa Pijo, nayo ni kuzuia kutu. Hedi ya injini yako ni ya aluminiamu, bloki ni ya chuma, rejeta ni ya shaba iliyoungwa kwa solda. Metali tofauti zikikaa kwenye maji yenye chumvi, ile dhaifu huliwa, na hapo dhaifu ni hedi. Tena 1800 hii ina slivu zinazokaa ndani ya maji moja kwa moja. Pistoni inapanda na kushuka ndani ya slivu, na nje ya slivu hiyo hiyo maji ndiyo yanapita. Chini yake zimekaa kwenye sili nyembamba. Maji matupu yakileta kutu, tope lake linatua pale pale miguuni mwa slivu, mahali pa mwisho ungependa lizibe.

Kwa hiyo mwaga maji yote, na usiishie bomba la rejeta. Fungua pia nati ya kumwagia maji iliyo ubavuni mwa bloki. Kikitoka kitu kizito cha rangi ya matofali, chokoa kwa waya na endelea kusuuza hadi yatoke meupe. Kisha jaza mchanganyiko wa kulanti kati ya thuluthi moja na nusu. Usizidishe nusu, maana maji hubeba joto vizuri kuliko kulanti, na ukiijaza kulanti tupu utazidisha tatizo. Tafuta ile ya kawaida inayofaa rejeta za shaba na solda, na ubadilishe kila baada ya miaka 2 hata kama gari halikutembea, kwa sababu dawa ya kutu ndani yake huisha kwa umri. Maji yawe ya mvua au yale yaliyotiwa mvuke yakakusanywa, yanayouzwa petroli stesheni kwa ajili ya betri. Soma kibandiko, kwa sababu chupa ya jirani yake inaweza kuwa asidi. Unapojaza, hita ya ndani iwe imefunguliwa ili hewa itoke. Na kulanti uliyomwaga usiiache kwenye karai uani. Ni tamu na ni sumu, mbwa na ndama huinywa.

Kuna visababishi vidogo vinavyoongeza joto mlimani, uvipitie mara moja. Taimingi (wakati wa plagi kutoa cheche) iliyochelewa huunguza hedi, basi iwekwe kwa taa ya taimingi, isiwekwe kwa sikio. Kabureta inayotoa petroli chache hufanya vivyo hivyo. Na gari linalolala wiki nzima huwa na breki zinazonata: silinda ya gurudumu inashika kutu kidogo, breki haiachii yote, na injini inapanda mlima huku inavuta breki zake yenyewe. Baada ya safari, gusa kila rimu. Moja ikiwa moto sana kuliko wenzake, umempata. Mafuta ya breki hufyonza unyevu, yabadilishwe nayo.

Injini ya Toyota, basi. Sitasema haifai, kwa sababu nimeona pikapu za Pijo zenye dizeli za Kijapani zikifanya kazi vizuri kwa miaka. Ila tuhesabu kwa uaminifu. Utabadilisha mikono ya injini, gia boksi au kiunganishi chake, propela shafti, egzosi na nyaya. Utahitaji kufuata NTSA, mamlaka ya usafiri na usalama barabarani, ili namba mpya ya injini iingie kwenye kitabu cha gari, la sivyo siku ya kuuza au ya ajali utakwama. Thamani yake kama gari la kale itashuka. Na baada ya yote, ukiirudishia rejeta ile ile iliyoziba na feni isiyofanya kazi, Toyota nayo itachemsha Limuru. Kama bloki yako ingekuwa imepasuka, na unabeba tani nzima kila siku, ningekuambia fikiria, na ningekushauri uanze kwa kutafuta dizeli ya Peugeot wenyewe, maana 504 ziliuzwa nazo pia. Kwa gari la wikendi lenye injini inayowaka vizuri, ni kutibu jino kwa kukata kichwa.

Sasa kuna hali ambazo majibu ya kwenye maandishi hayatoshi, na ukiziona uliache gari mpaka fundi aliyebobea aliangalie kwa macho. Maji yakipungua kila mara na huoni yanapovujia. Ukiwasha asubuhi rejeta ikiwa wazi na mapovu yanatoka mfululizo. Moshi mweupe mzito wenye harufu tamu injini ikiwa imeshapata moto. Oili kwenye kijiti ikiwa na rangi ya maziwa. Paipu ya juu kuwa ngumu kwa presha dakika chache tu baada ya kuwasha. Hizo zote zinaashiria gasketi ya hedi au hedi yenyewe, na gari ambalo limechemshwa mara nyingi kama lako linastahili kupimwa hata bila dalili. Kipo kipimo chepesi: kifaa chenye maji ya buluu kinachowekwa kwenye mdomo wa rejeta, na gesi ya moshi ikiwemo, buluu hugeuka njano. Anza na hicho kabla mtu hajafungua nati hata moja.

Na ikilazimu hedi ifunguliwe, mchague fundi kwa swali moja: muulize atafanyaje slivu zisisogee. Hedi ikitoka, hakuna kinachozishikilia. Mtu akizungusha krenki bila kuzifunga kwa vibana, slivu zinanyanyuka, sili za chini zinavunjika, na maji yanaingia kwenye oili. Pia lazima apime kwa dayo geji, kipimo chenye mshale cha tofauti ndogo sana, jinsi slivu zinavyochomoza juu ya bloki, kisha hedi ipelekwe kwa wachongaji ikapimwe presha na unyoofu. Akikuambia "hizo si lazima, hii tutafunga leo jioni," mshukuru, mlipe chai yake, uondoke na gari lako. Piga simu pia kwa gereji iliyolifufua, kwa upole, uulize ovahoo waliyofanya ilihusu nini hasa na kama risiti za machine shop zipo. Kuna wanaoita kubadilisha ringi na gasketi kuwa ni ovahoo.

Swali la Desemba. Ukirekebisha feni, rejeta, kizibo, thamostati na kulanti, lijaribu kwanza karibu na nyumbani: panda kuelekea Molo na mzigo wa nyasi mgongoni, mchana wa jua, ukiangalia mshale. Likitulia huko, Mombasa linafika. Kwenda ni karibu kilomita 480 kutoka Nairobi na kwa ujumla unateremka. Kurudi ndiko kwenye mtihani, kwa sababu unazipanda zile meta 1,700 zote na joto la Voi na Mtito Andei likiwa palepale mbele ya rejeta. Rudi kwa kuondoka Mombasa alfajiri. Beba lita 10 za maji, mkanda wa feni, paipu ya juu na klipu zake, kibrashi cha akiba na kipande cha waya. Mshale ukianza kupanda, usizime ghafla. Punguza mwendo, washa hita kwa moto wote na ufungue madirisha, ukipata pa kuegesha iache ikizunguka kwa mwendo mdogo dakika mbili tatu feni ikifanya kazi. Ikiwa mvuke umeshaanza kutoka, hapo zima mara moja, fungua boneti, na kizibo usikiguse mpaka umalize chai.